Naomba ushauri: maswali ya Mario kwa chemsha bongo ya Idd, Majengo

PadiMbili
Assalam aleikum, na wengine wote habari zenu.

Nina kibanda cha gemu hapa Majengo. Zipo skrini za kisasa, lakini pembeni nimeweka TV moja ya kichogo na mashine ya kaseti, na hiyo ndiyo inayogombaniwa. Idd ikifika, watoto wakitoka kwenye pembea za Makadara hurudi mtaani na pesa zao, nami nataka kuwafanyia chemsha bongo ya Mario, yule jamaa wa kofia wa kwenye gemu.

Shida ni simu. Ukiuliza gemu ilitoka mwaka gani au nani aliyeitunga, hujamaliza swali jibu lishasomwa kwa sauti. Nikiuliza la ndani sana, wakubwa wanabisha mpaka jirani yangu wa mbaazi na mahamri anatoka kuangalia kuna nini. Nataka mambo ya kweli yasiyojulikana sana, ambayo mtu akibisha namwonyesha. Kiingilio nimefikiria bob ishirini kila mtoto, mshindi azoe zote. Nipeni maarifa.

KasetiYaNjano
Yakhe, miaka achana nayo. Uliza vitu vya kuonekana kwenye TV.

Weka Super Mario Bros. ile ya 1985, hatua ya kwanza kabisa. Likitokea wingu na kichaka, bonyeza gemu isimame, kisha waulize wingu na kichaka vinafanana nini. Ni mchoro mmoja! Juu umetiwa weupe, chini umetiwa kijani, basi. Gemu nzima ilikuwa kilobaiti 40, yaani 32 za programu na 8 za picha. Picha moja ya simu yako inazidi hapo kwa mbali. Nafasi haikuwepo, ikabidi mchoro mmoja ufanye kazi mbili.

Halafu waulize Mario anavunja tofali kwa kiungo gani cha mwili. Wote watasema kichwa. Mruhusu mbishi aruke, simamisha Mario akiwa hewani, mwambie asogee karibu na kioo atazame mkono. Ngumi iko juu, ndiyo inayopiga. Hapo hata uwe na bando la mwezi mzima, jibu liko mbele ya macho yako na hukuliona.

BintiKibokoni
Naunga mkono, ila mimi ningeongeza maswali ya "kwa nini". Mtoto anaweza kusoma jibu kwenye simu na bado akashindwa kulieleza, na wewe ndiye refa.

Kwa mfano, kwa nini Mario ana masharubu? Alipotokea mara ya kwanza kwenye Donkey Kong, ile gemu ya sokwe anayerusha mapipa, 1981, mtunzi wake Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo alikuwa na kisanduku cha vidoti 16 kwa 16 cha kumchora mtu mzima. Mdomo hautoshei. Akamwekea pua kubwa na masharubu chini yake, uso ukasomeka. Nywele za mtu anayeruka zina kazi kuzichora, akavishwa kofia. Ovaroli nayo ni kwa ajili ya mikono, ili rangi yake itofautiane na ya mwili na uione ikienda na kurudi anapokimbia. Yale mavazi tunayoyajua sote yalitokana na ufinyu wa nafasi.

Tena wakati huo hakuitwa Mario. Alikuwa Jumpman. Na kazi yake ilikuwa gani?

MtuWaFeri
Fundi bomba. Swali gani hilo hata la kuuliza?

BintiKibokoni
Kaa hapo hapo kaka. Ndani ya Donkey Kong ni seremala. Hujaona pale ni jengo linalojengwa, vyuma na ngazi tupu? Mabomba yalikuja na Mario Bros. ya 1983, walipompeleka chini ya ardhi. Na humo ndimo nduguye Luigi alimotokea: Mario yule yule kwa rangi nyingine, ili wachezaji wawili wasichanganyane.

MtuWaFeri
Seremala! Kumbe ndiyo maana mle ana nyundo. Miaka yote hii napigia mapipa nyundo na sijajiuliza.

MzeeWaKarata
Vijana mmeruka mwanzo wenyewe. Nintendo ilianzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1889, na biashara yake ilikuwa karata za kuchezea. Gemu zilikuja baadaye sana.

Na huyo Jumpman alitokana na mzigo uliododa. Walipeleka Marekani mashine 3,000 za gemu iitwayo Radar Scope, zikauzwa kama 1,000 tu, nyingine zikabaki ghalani. Miyamoto, kijana wakati ule, akaambiwa atunge gemu mpya itakayowekwa kwenye mashine zile zile. Kwanza walitaka kumtumia Popeye, yule baharia wa katuni, ruhusa ikakosekana, ndipo akabuni sokwe, seremala na bibi wa kuokolewa. Jina la Mario wakalitoa kwa Mario Segale, mwenye ghala walilokuwa wamepanga. Alifariki 2018.

Mimi mwenye nyumba wangu hata paka siwezi kumpa jina lake.

UmmuSalim
Mwanangu PadiMbili, kabla ya maswali tengeneza hilo la kiingilio. Watoto watoe pesa kisha mmoja azoe zote, hiyo ni kamari, tena siku ya Idd! Wazazi watakufuata mpaka mlangoni, na mimi nitakuwa mbele yao. Kuingia iwe bure. Zawadi toa wewe: saa moja ya kucheza, na sahani ya viazi karai yenye ukwaju. Waliokosa wagawie mabuyu. Wakishakaa hapo watataka kucheza, na pesa yako utaipata kwa halali.

KasetiYaNjano
Mama amesema kweli. Nami nakupa la kufungia, maana linaendana na sikukuu.

Ile Super Mario Bros. 2 ya kung'oa mboga ardhini na kuwatupia maadui haikuanza kama ya Mario. Ilitoka Japani 1987 kwa jina Yume Kojo: Doki Doki Panic, ya tamasha la televisheni ya Fuji, na wachezaji wake walikuwa familia ya mavazi ya Kiarabu. Kule Japani tayari kulikuwa na Super Mario Bros. 2 nyingine ya 1986, lakini ilionekana ngumu mno kwa Wamarekani. Basi kwenye hii ya mboga Nintendo wakaitoa ile familia, wakaingiza Mario, Luigi, binti mfalme na Toad, yule mdogo wa kichwa cha uyoga, ikauzwa Marekani 1988. Zulia la kuruka limo mpaka leo. Panda nalo waone.

PadiMbili
Shukrani sana. UmmuSalim, kiingilio nimekifuta, na viazi vitatoka kwangu. Simu nitaziacha mikononi mwao, nione zitawasaidia nini kwa swali la ngumi. La zulia nalitaka lakini kaseti hiyo sina. Nani anayo aniazime? Naifuata hata Likoni.

MtuWaFeri
Ninayo. Njoo baada ya Alasiri, na usiipulize kwa mdomo, mate yanakula zile shaba za chini.