Tupeane uzoefu: Uliwahi kuamini pombe imeisha mwilini, kipimo kikakukatalia?

Wakuu, naanza mimi. Nilikunywa na jamaa zangu, nikaacha saa saba usiku, nikalala. Asubuhi nikaoga, nikanywa kahawa, kichwa chepesi kabisa. Saa moja trafiki akanisimamisha, nikapuliza bila wasiwasi. 0.06! Kikomo kilikuwa 0.05, yaani gramu 0.05 za pombe katika mililita 100 za damu. Faini nililipa ikaisha. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mwanangu wa miaka sita alikuwa kiti cha nyuma, nampeleka shule.

Nesi wa Zamu: Pole, mkuu. Ini huondoa takriban 0.015 kwa saa, basi. Ukilala na 0.15 saa saba, saa moja asubuhi bado una 0.06. Kahawa inafumbua macho tu, na maji ya baridi ni hivyo hivyo. Wodini nawapokea wengi waliosema "nimeshalala, niko sawa".

Dereva wa Masafa: Sisi wa malori tunavuka mipaka na kikomo kinabadilika. Denmark ni 0.05, ukivuka daraja la Öresund ukaingia Sweden ni 0.02. Mwenzangu alikunywa bia mbili na chakula cha mchana upande wa Denmark, akiwa ndani ya sheria kabisa. Upande wa pili akashushwa kwenye lori. Hungary na Czech ndiyo kabisa, ni sifuri.

Mama Pacha: Mimi na mume wangu tulikunywa glasi kwa glasi, tukajipima kwa kipimo chetu cha nyumbani. Yeye 0.03, mimi 0.06. Mwili wangu ni mdogo, na wanawake tuna maji kidogo mwilini ya kuizimua. Kwa hiyo dada zangu, msihesabu glasi za mwanamume mkadhani ni zenu.

Mdogo Mtu: Nimesita kuandika. Dada yangu aligongwa akivuka barabara, akafariki. Dereva alipimwa akakutwa na 0.04. Kikomo 0.05, kwa hiyo shtaka la ulevi halikuwepo. Mwenyewe alieleza kwamba alimwona, ila mguu ulichelewa kufika kwenye breki.

Mwanzisha mada: Pole sana, ndugu yangu. Nimeisoma mara tatu. Mwenye lake aendelee, nipo nasoma.