Ulipe ada ndipo ujitolee: klabu ya Rotary inatufaa watu wa Kigoma?

Mwalimu wa Mwanga (mleta mada)

Mwakeye wakuu. Wiki mbili zilizopita mfanyakazi mwenzangu alinialika kwenye kikao cha watu wanaotaka kufungua klabu ya Rotary hapa mjini, kile chama cha kimataifa cha watu wa kazi mbalimbali wanaojitolea kusaidia jamii. Wanatafuta watu 20, maana chini ya hapo klabu mpya haisajiliwi. Nimekaa saa moja na nusu, nimekunywa soda ya watu, nimerudi nyumbani na fomu. Mpaka leo iko juu ya kabati.

Kazi zao hazijanikwaza, kilichonikwaza ni mpangilio wa pesa. Kuna ada ya makao makuu, haifiki dola 100 kwa mwaka, inakwenda Evanston huko Marekani. Juu yake kuna ya wilaya (yao ni eneo la klabu nyingi, siyo hii ya DC), halafu ya klabu yenyewe, na siku ya kikao unajilipia chakula. Mradi nao una mchango wake. Nikapiga hesabu usiku ule: kabla sijamsaidia mtu hata mmoja, nimeshatoa pesa ya sare, viatu na madaftari ya mtoto wa jirani, na chenji inabaki.

Sisi tuna kufa na kuzikana. Tuna vikoba. Mtu akifiwa Buzebazeba, muda si muda turubai limefungwa na kina mama wamebandika sufuria, na hakuna aliyelipia uanachama Marekani. Je, mji kama wetu unaihitaji klabu ya namna hii, au wenye nazo wanatafuta pa kukutania na kupigia picha? Nipingeni kwa hoja.

Dagaa Mkavu

Mnazunguka mbuyu tu. Lile gurudumu la meno wanalobandika kifuani ni la nini? Freemason hao. Fomu ichome moto mwalimu, ulale salama.

Nesi Mstaafu

Mdogo wangu Dagaa, jamii ya siri gani inamwalika mwalimu, inamnywesha soda, inamwacha arudi kutusimulia ada senti kwa senti?

Gurudumu lina meno 24 na spoku 6. Katikati lina tundu lenye mkato wa kushikia ekseli, kwa maana kwamba gurudumu lisizunguke bure, livute kazi. Klabu ya kwanza ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905. Wakili mmoja, Paul Harris, alikuwa mpweke mjini akawaita wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Wakawa wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na jina Rotary likatokana na huko kuzunguka. Mchezo wa kinamama wa kupokezana nyumba, hauna tofauti sana!

Mimi si mwanachama. Ila nimebeba kisanduku cha chanjo begani miaka mingi, na wale watu nawajua kupitia polio. Waliingia rasmi kupambana nayo mwaka 1985. Mwaka 1988 dunia ilipoamua kuifuta, watoto wapatao 350,000 kwa mwaka walikuwa wanapooza, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa haina tena polio ya asili. Mwaka 2023 Burundi wakapata ile aina nyingine, inayojitokeza pale watoto wengi wanapokosa chanjo, na huku kwetu mpakani wenzangu walio kazini wakatoka tena nyumba kwa nyumba, matone mawili na wino kidoleni. Kufa na kuzikana ni kitu kizuri sana, mwalimu. Lakini kunakuja mtu akishakufa.

Mwalimu wa Mwanga

Shikamoo dada. Hilo la mwisho limenipata.

Hata hivyo polio iliendeshwa na serikali, WHO na matajiri wakubwa wa dunia pamoja nao. Swali langu ni dogo: watu 20 wa Kigoma wakikutana hotelini, mimi wa Mwanga napata nini?

Mhasibu Gungu

Nilikuwa mwanachama Dar miaka mitatu, niliyoyaona nitayasema mazuri na mabaya.

Kwanza tusichanganye mifuko. Ada inaendesha chama: ofisi, mafunzo. Pesa za miradi zinakaa kwenye mfuko mwingine, Rotary Foundation, ulioanza 1917 kwa wazo la Arch Klumph. Mchango wake wa kwanza ulikuwa dola 26 na senti 50, usicheke. Leo klabu ya hapa ikishirikiana na klabu ya nchi nyingine inaweza kuomba ruzuku kubwa, ambayo bajeti yake haiwi chini ya dola 30,000. Na hawatoi kienyeji. Lazima uonyeshe umewauliza wananchi wanataka nini, mradi utatunzwa na nani mkishaondoka, kila risiti iko wapi. Kikoba hakiwezi kuvuta pesa hiyo, tusidanganyane. Hicho ndicho unachopata, mwalimu, kama klabu inafanya kazi.

Nilichokipenda kuliko vyote ni uongozi. Rais anakaa mwaka mmoja, tarehe 1 Julai anakabidhi. Hakuna mwenyekiti wa milele wa kugombana naye daftari. (Wa kikoba chetu cha zamani ananisoma hapa, na anajua.)

Mwaka huo mmoja ndio uliotuumiza vilevile. Tulichimba kisima kijiji kimoja, tukapiga picha, rais akabadilika, mpya akaja na wazo lake la madawati. Pampu ikafa mwaka wa pili. Hatukuwa tumemfundisha mtu hata mmoja pale kijijini kubadilisha washa ya pampu. Nilipopita baadaye nikakuta mbuzi amefungwa kwenye ule mpini. Sikusimamisha gari.

Mahudhurio: zamani ulitakiwa kufikisha asilimia 60 ya vikao, la sivyo unaondolewa. Tangu 2016 klabu imeachiwa uhuru mkubwa wa kupanga utaratibu wake, mradi ikutane angalau mara mbili kwa mwezi. Chakula cha hoteli ni mazoea, si sheria. Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871 chini ya mwembe, bila bufee.

Mama Mawese

Nasoma tangu asubuhi nikiuza. Sisi wanawake tunaruhusiwa huko au tunapika tu?

Nesi Mstaafu

Mnaruhusiwa. Ila imechukua miaka 84 mama yangu! Mpaka 1989, tena baada ya kesi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1987. Rais wao wa dunia wa kwanza mwanamke, Jennifer Jones wa Kanada, alishika kiti mwaka 2022.

Mama Mawese

Haya, nimeelewa. Mimi ada hainitishi. Kikoba natoa kila wiki, na nikijumlisha mwaka inazidi hiyo ya Marekani. Kinachonikera ni kuamuliwa. Mtaani kwetu walikuja wafadhili, siwataji, wakajenga vyoo vizuri vya kuvuta maji. Maji yenyewe tunabeba kwa ndoo kutoka ziwani. Vile vyoo sasa ni stoo ya nyavu.

Mwalimu nikuulize, na ujibu kweli. Dada anasema mmoja wa wale wanne wa mwanzo alikuwa fundi cherehani. Kwenye kikao chako ulimwona fundi cherehani?

Mwalimu wa Mwanga

Hapana. Benki wawili, mfamasia, mkandarasi, mwenye hoteli, mwanasheria, walimu tuliovaa tai. Mvuvi hakuna. Muuza mawese hakuna. Na saa yenyewe ilikuwa saba mchana, siku ya kazi.

Mhasibu Gungu

Uanachama ni kwa kualikwa, ndiyo maana. Kila mtu anamwalika anayekula naye. Zamani walikuwa na utaratibu wa kuchukua mtu mmoja kwa kila kazi ili klabu ifanane na mji, na mpaka leo wanasisitiza kazi mchanganyiko. Benki wawili bila mvuvi, Kigoma hii? Mnyooshee mwenyekiti wa kikao hilo, hana pa kukimbilia.

Dagaa Mkavu

Kwa hiyo gurudumu ni la kazi tu? Haya. Mimi bado nipo pale nimekaa.

Mwalimu wa Mwanga

Fomu nimeishusha kabatini. Ina sehemu ya kuandika kazi yako. Mama Mawese, nikitoa kopi nikuletee utajaza?

Mama Mawese

Ilete baada ya magharibi, nikishafunga genge. Na kikao wahamishie muda huohuo.