Kampuni ya nyasi bandia Dar imemtandikia mzee wangu zulia juu ya mfinyanzi, ikaita grini ya gofu!

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaki kuificha.

Mzee wangu ni mstaafu wa jeshi, gofu kaicheza uwanja wa Lugalo miaka na miaka. Sasa magoti yamegoma. Kuzunguka mashimo 18 hawezi tena, ila mkono bado umetulia na jicho bado kali. Uani kwetu Madale nafasi ipo, nikaamua nimtengenezee grini ndogo ya nyasi bandia, yaani eneo la nyasi fupi lenye mashimo ya gofu, jioni awe anasukumia mipira yake shimoni bila kwenda mbali. Kampuni ikaja, ikapima, ikaniandikia makadirio yenye mhuri: kuchimba, kitambaa cha kutenganisha udongo, kokoto, vumbi la kokoto, kushindilia kwa mashine, "nyasi maalumu za gofu", mchanga na vikombe vitatu vya mashimo. Wakataka asilimia 70 kabla ya kuanza. Nikalipa. Iliyobaki nikalipa siku ya makabidhiano, kazi inang'aa kweli kweli.

Masika yameingia, kila kitu kimejianika. Katikati pamedidimia, upande wa ukuta pamevimba, maji yanatuama hadi kesho yake. Ukikanyaga, tope linatokea kwenye maungio. Na maungio yenyewe wamepiga misumari! Kazi hii vipande huunganishwa kwa utepe na gundi kwa chini, nyuzi zote zikilala upande mmoja. Hawa wamegongelea misumari ya kawaida juu kwa juu, vichwa vimeshaota kutu, mpira ukifika pale unaruka.

Juzi nikafunua kona moja. Kitambaa hakuna. Kokoto hakuna hata moja. Kuna mchanga wa kujengea unene wa vidole viwili, haujachekechwa, una vipande vya chupa ndani yake, halafu moja kwa moja mfinyanzi. Hata mizizi ya ukoka wetu wa zamani ipo vilevile, hawakuchimba!

Mfinyanzi ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Chochote utakachotandika juu yake kitapanda na kushuka nao. Ndiyo maana unachimbwa sentimita 15 hivi, na penye mfinyanzi mbaya zaidi ya hapo, kinalazwa kitambaa, zinafuata kokoto zinazoshindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha vumbi la kokoto la kusawazisha, na mteremko wa asilimia 1 au 2 ili maji yapate njia. Kazi yote ya grini iko chini, nyasi ni kifuniko tu. Nao wakaniuzia kifuniko kwa bei ya kazi nzima.

Na hicho kifuniko nacho ni uongo. Mzee alichukua rula akapima: milimita 35. Hizo ni nyasi za kupamba bustani, wakuu. Za grini ni fupi, milimita 10 hadi 15 hivi, zimesongamana, zinajazwa mchanga mkavu uliochekechwa na kupigwa brashi mpaka zisimame wima. Tangu miaka ya 1970 chama cha gofu cha Marekani, USGA, kimekuwa kikipima kasi ya grini kwa kifaa kinachoitwa Stimpmeter, kilichobuniwa na Edward Stimpson mwaka 1935. Ni mfereji wenye kibonyeo cha kushikilia mpira wa gofu, unainuliwa taratibu hadi mpira ujiachie wenyewe, kisha unapima umebingirika futi ngapi. Grini nzuri ni futi 9, 10. Mzee alichonga wa kwake wa mbao akajaribu kwetu. Mpira haukufika hata futi 5, tena ulikata kona kushoto.

Mashimo sasa. Kanuni inasema kipenyo milimita 108. Wao wamezika vipande vya bomba la PVC la inchi 4, kwa ndani hakifiki kipimo hicho, na chini wakaziba kwa saruji. Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda. Asubuhi moja nimechungulia nikakuta viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani. Dar hii yenye dengi, uani kwa mzee wa zaidi ya miaka 70!

Nikawapigia. Jibu la kwanza: "Bosi, subiri zizoee, zitakaa zenyewe." Jibu la pili: mvua ni ya Mungu. Mvua ya masika inajulikana, Machi hadi Mei kila mwaka, na ninyi ofisi yenu ipo hapahapa Dar. Siku ya tatu msimamizi akathubutu kuniambia labda mzee anacheza kwa nguvu. Mtu anayesukuma mpira kwa fimbo kwenye eneo la hatua chache! Tangu hapo simu inaita tu, haipokelewi.

Kilichoniuma ni mzee mwenyewe. Halalamiki. Ameegemeza fimbo zake ukutani, ananiambia, "Mwanangu, acha, pesa imeshakwenda."

Siachi. Picha za ile kona iliyofunuliwa ninazo, makadirio yenye mhuri ninayo, risiti zote ninazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na kuandika kokoto kwenye karatasi halafu usimwage hata toroli moja ni kumhadaa. Nimewapelekea barua: waje wang'oe, wachimbe upya mimi nikiwa nimesimama hapo, au warudishe pesa. Wamepewa hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo ni Tume ya Ushindani na mahakamani.

Mliolipa advansi kwa kazi kama hii, msikubali nyasi zitandikwe kabla hamjaona kokoto kwa macho yenu. Mwageni ndoo kadhaa za maji juu ya msingi mtupu, muangalie yanaelekea wapi. Na kama kuna aliyetendewa hivi na kampuni ya Dar, aseme hapa, tupeleke malalamiko kwa pamoja.