Tochi ya trafiki imesoma spidi 63, dashibodi yangu inasema 50. Nimwamini nani?

Noah_Kikatiti
Wakuu habari za jioni. Jana natoka Moshi narudi Arusha na Noah yangu, nikaingia kwenye kibao cha 50 nikapunguza kabisa, mshale umelala kwenye 50 nauona kwa macho yangu, Coaster moja ikanipita kama imetumwa, mbele kidogo nasimamishwa mimi. Naonyeshwa namba tu kwenye kioo cha tochi, 63, picha hakuna. Nikalipa elfu 30 nikaondoka ila roho inaniuma mpaka leo. Hivi hizi tochi zinapimwaga? Na zikikosea zinakosea kwa kiasi gani?

mangi_wa_gereji
Pole sana mkuu. Matairi ni saizi ya kiwandani? Wengi mnafunga makubwa gari inyanyuke, tairi likiwa kubwa kila mzunguko unaenda mbali zaidi ila dashibodi haijui, so inakusomea pungufu. Washa GPS ya simu ulinganishe barabara ikiwa imenyooka.

Fundi Mizani
Mkuu swali lako zuri. Nimeshika vipimo miaka mingi, ngoja nikueleweshe.

Tochi ya rada inarusha mawimbi, yakigonga gari linalokuja yanarudi yamebanana kidogo, mashine inahesabu ile tofauti. Kwa rada za gigahezi 24, kila kilomita 1 kwa saa ni kama hezi 45, yaani mitetemo 45 kwa sekunde, kwa hiyo gari la 50 linatoa hezi 2,230 na kitu. Kuna uma wa chuma kama ule wa kwaya wa kutafutia sauti, unaugonga kwenye soli ya kiatu, unausogeza ukiwa bado unalia mbele ya rada, na rada lazima isome spidi iliyochongwa kwenye mpini. Hiyo ni ya kila siku kabla ya kuanza kazi. Lakini uma unakagua kuhesabu tu! Haukuambii kama mawimbi yanatoka na frikwensi sahihi, hiyo mpaka maabara, na ndio kalibresheni yenyewe. Cheti kikija hakitakiwi kusema "nzima" basi, kiseme kwa mfano kwenye 60 ilisoma 60.4 na shaka ya kipimo ni ±0.8 kwa uhakika wa asilimia 95, maana hakuna kipimo duniani kisicho na hiyo ±.

OIML, wale wa vipimo vya kisheria kimataifa, wanaruhusu rada ikiwa barabarani ikosee 3 mpaka spidi ya 100, zaidi ya hapo asilimia 3. Ujerumani hizo 3 wanakutolea kabla hawajakuandikia. Ukitoa 3 kwenye 63 bado ni 60, kwa hiyo kosa la kawaida la mashine halikutoi 50 likakufikisha huko. Na askari akisimama pembeni, ile pembe inakusaidia wewe, kwa digrii 20 gari la 60 linasomeka 56.

Mimi wasiwasi wangu ni ile Coaster. Mwali wa rada unatanuka, wa digrii 12 ukifika mita 300 una upana wa mita 60 na zaidi, unafunika barabara nzima na migomba ya pembeni. Rada inachukua linalorudisha mawimbi kwa nguvu, na bati la Coaster unalijua lilivyo.

Mama Junia
Kaka Fundi na kama ilikuwa ya leza?

Fundi Mizani
Leza dada ni habari nyingine, mita 300 mwali hauzidi sana mita moja, anachagua gari. Ila mkono ukiteleza kutoka kioo cha mbele kwenda boneti namba inaweza kuchafuka. Ndio maana aulize ilikuwa ya aina gani, na cheti cha tarehe ngapi.

Noah_Kikatiti
Wakuu mrejesho. Matairi kweli nilibadilisha. Leo asubuhi nimepima na simu mara tatu, dashibodi 50 simu inasema 52, mara zote. Kwa hiyo 2 ni zangu nakubali. Ila kutoka 52 mpaka 63 ni 11, na Coaster ilikuwa ubavuni kwangu. Kesho naenda kuuliza cheti, risiti ninayo.