Admini wa grupu anaweza kufungwa sababu ya video aliyotuma mtu mwingine?

JiraniWaMpaka (Busia, Septemba 2025)

Habari zenu wakubwa. Mimi niko Busia upande wa Uganda, nina grupu la WhatsApp la sisi tunaouza vitenge na mitumba hapa mpakani, tuko wengi na wengine ni wa upande wa Kenya. Grupu lilikuwa la bei, mzigo umefika, nani anadaiwa, ushuru umepanda, na mtu akifiwa tunachanga. Sasa uchaguzi wa Januari 2026 umekaribia na siasa imeingia, juzi kijana mmoja akatupia video ya TikTok, jamaa anaigiza mkubwa fulani (simtaji) anavyotembea na anavyoongea, watu wakacheka wee, tukaendelea na biashara zetu. Jioni nikapigiwa simu na mzee mmoja wa mambo ya usalama hapa kwetu, ananijua tangu mdogo, akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu wewe ndiye admini, hiyo kitu ikifika juu wewe ndiye utaulizwa, kuna sheria ya kompyuta, miaka saba. Nikaifuta.

Sasa kijana amenuna anasema mimi mwoga, na mama yetu mweka hazina anataka nifunge grupu lote mpaka Januari ipite. Nikifunga madeni ya watu tutayafuatilia wapi? Swali langu ni hili tu: hiyo sheria ya miaka saba ipo kweli, na inamshika admini ama aliyetuma? Msiniletee mambo ya chama tafadhali.

LoyaWaMtaa

Ndugu, sheria ipo, mzee hakukudanganya hapo. Kuna sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, halafu Oktoba 2022 Museveni akasaini marekebisho yaliyoleta makosa mapya, matamshi ya chuki, habari za nia mbaya, hata kumtumia mtu habari ambazo hakuziomba (hiyo ya mwisho kila nikiisoma nacheka, maana kampuni za simu zingekuwa jela zote). Habari za nia mbaya ndiyo inafika miaka 7, au faini shilingi milioni 15, au vyote. Na wanaitumia. Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimpa kijana wa TikTok wa miaka 24 kifungo cha miaka 6 kwa kumtukana rais na familia yake, na alikuwa amekubali kosa akaomba msamaha.

Kuhusu admini, ndani ya sheria hiyo hakuna mahali palipoandikwa admini wa WhatsApp. Kinachokaribia ni kile kipengele kinachosema kwamba akaunti ikiwa ni ya shirika, anayeisimamia atawajibika yeye binafsi. Sasa grupu la mitumba si akaunti ya shirika, kila mtu pale anaongea kwa namba yake mwenyewe, kwa hiyo kwa maandishi aliyetuma ndiye mwenye mzigo wake. Ila nasema kwa maandishi. Usiku ukiwa kituoni mbele ya askari aliyepigiwa simu kutoka juu, maandishi yanasubiri mpaka asubuhi.

Kwa hiyo shika haya. Katiba kifungu cha 23 inasema ukikamatwa upelekwe kotini kabla ya saa 48 kuisha. Bondi ya polisi ni bure, ukiambiwa leta laki mbili hiyo ni chai wanataka. Una haki ya kuambiwa kosa lako kwa lugha unayoielewa na ya kupata loya. Na ipo sheria ya 2019 ya kutekeleza haki za binadamu, inaruhusu umshtaki afisa mwenyewe kwa jina lake, na koti ikimkuta na kosa alipe sehemu ya fidia kutoka mfukoni mwake. Askari wengi hawapendi kuisikia hiyo, itaje kwa adabu.

Anayeona_Mbali

Mimi nitaenda kinyume kidogo, msinirukie. Watu wa hapa mnaongea kama kila anayetuma kitu kwa simu ni malaika. Nimesikia kwa masikio yangu voice note zinazunguka zinataja kabila la watu, ati hawa wakishinda watatufukuza, hawa ndio wanakula nchi, na mtu anaforwadi kwa magrupu kumi bila hata kusikiliza mpaka mwisho. Nchi hii tumetoka mbali na vita. Serikali ikae tu inatazama? Admini naye ana jukumu, nyumba ikiwa yako ukimwona mgeni anawasha moto ndani utasema si mimi niliyewasha?

LoyaWaMtaa

@Anayeona_Mbali kabila dhidi ya kabila ni kosa Uganda tangu 1988, limo kwenye kanuni za adhabu, kuchochea kuua pia limo. Hakuna anayeombea yale yafutwe. Lakini niambie, kijana kuigiza mwendo wa mkubwa, hapo kabila gani limechomwa? Ukiitazama kesi zinazofika kotini, mara nyingi aliyetukanwa ni mkubwa na aliyekamatwa ni mtu wa chini. Ile voice note yako ya kabila aliyeirekodi mpaka leo anakula chapati nyumbani kwake.

DadaWaTororo

Hapo Loya umegusa kidonda. Mimi mwaka fulani mwanaume nisiyemjua alikuwa ananitumia picha chafu usiku kucha, nikibloku anakuja na namba nyingine, nikaenda kituo kimoja cha polisi na skrini shoti zote. Afisa akaniuliza, wewe ulimfanya nini mpaka akupende hivyo. Faili haikufunguliwa! Halafu sheria hiyohiyo ya kompyuta, kipengele cha kumsumbua mtu mtandaoni, ndiyo waliyomfungia Stella Nyanzi wa Makerere Agosti 2019 miezi 18 kwa posti ya Facebook juu ya rais, akakaa gereza la Luzira mpaka Februari 2020 High Court ilipofuta hukumu. Kumbe wanajua kuitumia. Wanaijua vizuri sana, ni sisi tu hatumo kwenye orodha ya wanaosumbuliwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia sheria hizi ni za kutulinda wanawake na watoto namwambia sawa mukubwa, nionyeshe hilo faili langu.

Mikrofoni_Kimya

Nimefanya redio za mikoani muda mrefu, acha nimwambie JiraniWaMpaka kitu kuhusu ile simu ya upole. Hiyo ndiyo mashine yenyewe. Watu wanafikiri uhuru wa habari unakufa siku wanajeshi wanazunguka stesheni, na ni kweli wamefanya hivyo, Septemba 2009 wakati wa fujo za Kayunga walizima CBS, redio ya ufalme wa Buganda, na redio zingine tatu, CBS ikarudi hewani Oktoba mwaka uliofuata, na siku hizohizo wakapiga marufuku bimeeza, vile vipindi vya watu kukaa baani na kujadili siasa laivu kila wikendi. Wadogo hamkuviona, ilikuwa raha, muuza nyanya anamkata waziri maneno. Havijarudi kama vilivyokuwa. Mei 2013 wakafunga gazeti la Daily Monitor siku kumi pamoja na redio za KFM na Dembe kwa sababu ya kuchapisha barua ya Jenerali Sejusa. 2019 UCC, ile tume ya mawasiliano, ikaamuru watangazaji na wahariri 39 wa vituo 13 wasimamishwe kazi.

Hayo ni makubwa yanaandikwa. Ya kila siku hayaandikwi. Mkubwa mmoja wa wilaya anampigia mwenye redio, mwenye redio ana tenda ya barabara ama yeye mwenyewe ni mbunge, hamwambii mtu chochote, anamwambia tu meneja, yule kijana wa asubuhi apunguze. Meneja ananiita, anasema wewe ni mtoto wangu, una watoto, cheza muziki. Hakuna barua wala sheria iliyovunjwa, ukienda kotini utamshtaki nani? Na baada ya hapo hawana haja ya kupiga tena kwa sababu mimi mwenyewe nakuwa najikata maneno kabla sijayasema. Nimewahi kumkatia simu msikilizaji aliyekuwa anauliza dawa za zahanati zimeenda wapi, dawa tu! Nikabaki natazama ile mikrofoni.

Sasa wamegundua magrupu ya WhatsApp yana maadmini maelfu na hawawezi kufunga kila moja, basi wanakufanya wewe meneja wa redio bila mshahara. Umefuta video, umekasirisha kijana, umetaka kufunga grupu, na yule mzee katumia dakika mbili za ertaimu.

MzeeWaBombo

Vijana mnashtuka leo. Sisi tulioona panda gari wakati wa utawala wa pili wa Obote, unakamatwa njiani na fulana yako, unapandishwa lori, mama yako anakutafuta kambi kwa kambi. Leo wanaita drone, hayesi bila namba, kazi ni ileile.

Lakini mimi nataka kusema juu ya mahakama maana watu wanakata tamaa ama wanaziamini kupita kiasi, vyote viwili vibaya. Majaji wa nchi hii wamefanya kazi, tusiwadharau. 2004 Supreme Court ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo kwa kesi ya Onyango-Obbo na Mwenda. 2010 kosa la uchochezi dhidi ya serikali likafutwa, Mwenda tena. Machi 2020 wakafuta kile kipengele kilichompa mkubwa wa polisi nguvu za kuzuia mikutano. Januari 2023 wakafuta kifungu cha 25 cha hiyo sheria ya kompyuta, cha mawasiliano ya kuudhi, watu wakashangilia, kumbe miezi mitatu nyuma mbadala wake ulikuwa umeshasainiwa unakaa mezani. Tena mwaka huu, tarehe 31 Januari Supreme Court inasema raia asihukumiwe na koti ya jeshi, Mei bunge likapitisha sheria ya kuirudisha kwa mlango mwingine, Juni ikasainiwa. Besigye mwenyewe, yule mkubwa wa upinzani, walimchukua Nairobi Novemba 2024 akaibukia koti ya jeshi Makindye.

Kwa hiyo wewe wa Busia, ukisikia kitu kimefutwa uliza kimerudi na jina gani.

Anayeona_Mbali

Mzee shikamoo, kwa ya jeshi nakubaliana na wewe, raia na koti ya jeshi wapi na wapi. Ila kwa voice note za kabila sijashawishika bado.

MzeeWaBombo

Marahaba. Usishawishike, bora unaongea. Ukishawishika na kunyamaza ndiyo shida.

DadaWaTororo

Turudi kwa swali la mtu jamani. Mimi kwa grupu letu la kuweka akiba tumefanya hivi: maadmini ni wanne na siyo mmoja, wa dini tofauti na vyama tofauti, ukimpigia mmoja anasema ngoja niwaulize wenzangu. Tumeandika sheria mbili pale juu, hakuna matusi ya kabila, hakuna picha za maiti. Kuchekesha hatukuzuia. Tumeweka ujumbe unaojifuta wenyewe. Na mambo ya siasa yana grupu lao, anayetaka anaingia mwenyewe, hajaingizwa na mtu. Sijui kisheria inasaidia kiasi gani, ila tangu hapo sijapata simu.

LoyaWaMtaa

Inasaidia sana, hasa kwamba kila mtu ameingia mwenyewe. Naongeza, wakikuita kituoni usiende peke yako wala usiende na hiyo simu ya biashara. Mwambie mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na ndugu mmoja unakwenda kituo gani na saa ngapi.

JiraniWaMpaka

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mimi na kijana tumeshaongea, nimemwambia asiposti kwa grupu la biashara lakini sitamtoa. Hiyo ya maadmini wanne nimeipenda. Wengine wanasema tufanye admini mkuu awe yule ndugu yetu wa upande wa Kenya, ati kule hakuna shida, mnaonaje?

Mikrofoni_Kimya

Nani kakwambia kule hakuna shida? Juni hii walimkamata Albert Ojwang, mwalimu na bloga, kwa posti juu ya mkubwa wa polisi, wakamtoa Homa Bay mpaka Nairobi, kesho yake amekufa mikononi mwa polisi. Wakenya waliingia barabarani kwa hilo, hiyo ndiyo tofauti yao na sisi. Lakini usimtwike jirani mzigo wako.

LoyaWaMtaa

Na wanachama wako wa Uganda bado wangekuwa chini ya sheria ya Uganda, hungepata chochote. Kitu kingine mnakisahau, intaneti wakati wa kura hiyo ya Januari. Uchaguzi wa 2016 walifunga mitandao siku ya kura, wa 2021 wakazima intaneti yote usiku wa kuamkia kura mpaka tarehe 18, siku nne hivi, na Facebook haijafunguliwa mpaka leo, watu wako VPN. Madeni yenu yote yako kwenye simu?

JiraniWaMpaka

Yote. Hata ya kontena la mwezi huu.

DadaWaTororo

Wii banange! Nunueni daftari kesho asubuhi, mama wa hazina aandike kila mtu na sahihi yake, mbili, moja ikae kwake moja kwako. Hapo ndipo yule mama ana haki ya kuogopa, siyo kwa video.

JiraniWaMpaka

Nimemsomea huu ujumbe, anacheka. Anasema daftari analo tangu mwaka jana, hakuna aliyemuuliza.