Tupeane uzoefu: kumpangisha ndugu nyumba uliyoiwekea mtaji

Mleta mada

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naamini wengi wetu wenye nyumba za kupangisha tumewahi kuombwa nyumba na mtu wa damu, na jibu tulilolitoa, liwe la kukubali au la kukataa, bado linazungumzwa katika familia. Onyo tulilolizoea la kutochanganya undugu na biashara halimsaidii mtu ambaye mdogo wake anatafuta pa kuishi huku yeye ana nyumba tupu, na ndiyo maana ningependa tusikie yaliyowakuta watu wenyewe.

Naanza na yangu. Nyumba yangu niliinunua kwa mkopo, na marejesho ya benki yanategemea kodi ya kila mwezi. Mdogo wangu alipooa aliniomba ahamie pale, nami nikakubali. Kabla ya kumkabidhi funguo tulikaa watatu, yeye, mkewe na mimi, tukatia saini mkataba uleule ninaowapa wapangaji wengine, wenye tarehe ya kulipa, amana, mgawanyo wa gharama za matengenezo na muda wa notisi. Nilisisitiza shemeji yangu awepo kwa sababu makubaliano ya mdomo baina ya ndugu wawili hayamlindi yeye hata kidogo, ilhali ni yeye anayeishi humo na watoto.

Jambo ambalo nalithamini zaidi ni namna tulivyoliandika punguzo. Kodi ya soko iliandikwa kamili, na chini yake tukaandika kiasi ninachomsaidia pamoja na mwezi ambao msaada huo utakoma. Mwezi huo ulipofika alianza kulipa kodi yote bila mimi kufungua kinywa. Kama tungeandika kiasi kidogo peke yake, kuirudisha kodi mahali pake kungeonekana ni kumpandishia ndugu yangu bei, na sidhani kama ningekuwa na ujasiri wa kulisema hilo mbele ya wazazi.

Karibuni mueleze yenu, hasa wale ambao mambo hayakwenda vizuri.

Mchangiaji

Mleta mada, ahsante kwa kulifungua jambo hili. Kwangu mimi mpangaji ni mama yangu mzazi, na hapo mkataba wa kawaida hauna kazi, kwa kuwa hakuna siku nitakayompa mama notisi. Niliamua kuiondoa kabisa nyumba ile katika hesabu zangu za mapato, kisha nikawaita kaka na dada zangu ili tuelewane kwamba kodi ninayoikosa ni mchango wangu katika kumtunza mama, na kwamba wao watabeba matibabu na matumizi ya kila siku. Tuliliandika hilo na kila mmoja akabaki na nakala. Nawasihi wenye wazazi wafanye hivyo mapema, kwa sababu msaada ambao haukuhesabiwa husahaulika haraka, na yule aliyetoa nyumba anaweza kulaumiwa baadaye kwamba hakuchangia chochote.

Mchangiaji

Yangu ni ya upande ule mgumu. Binamu yangu alilipa vizuri hadi alipopoteza kazi, na kuanzia hapo kila mwezi ukawa na ahadi yake. Wazee waliniomba subira, nami nikasubiri, lakini benki haikuwa na mzee wa kuniombea. Hatimaye mjomba aliitisha kikao, tukakubaliana tarehe ya kuhama, nikamsamehe sehemu ya deni, na sehemu iliyobaki tukaipangia malipo madogo madogo. Gharama za kuhamisha vyombo nilizibeba mimi.

Ninachowashauri wenzangu ni kwamba suala la kukwama kwa malipo lijadiliwe siku ya kuingia, wakati ambapo hakuna aliyekosea na hakuna mwenye aibu: akikosa kodi mwezi mmoja tutafanya nini, ukifika wa pili atahamia wapi, na ni nani katika familia atakayesimama naye. Swali hilo likiulizwa baada ya deni kuanza, hata liulizwe kwa upole kiasi gani, linasikika kama kufukuzwa. Binamu yangu na mimi tunasalimiana, lakini ule ukaribu wetu wa zamani haujarudi, na jambo hilo linaniuma kuliko pesa.

Mchangiaji

Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo naomba niongezee upande ambao hauzungumzwi mezani. Katika nchi nyingi mamlaka ya kodi huitazama kwa jicho tofauti nyumba iliyopangishwa kwa ndugu chini ya bei ya soko. Nchini Marekani, siku ambazo ndugu wa karibu anaishi humo kwa bei ya chini huhesabiwa kuwa ni matumizi binafsi ya mwenye nyumba, na siku hizo zikizidi 14 kwa mwaka, au asilimia 10 ya siku ilizopangishwa kwa bei ya soko, kwa kutegemea ipi ni kubwa, haki ya kudai hasara ya nyumba ili kupunguza kodi ya mapato huwekewa mipaka. Uingereza na Australia nazo, kwa kawaida, mwenye nyumba wa namna hiyo anaruhusiwa kukata, katika mapato yanayotozwa kodi, gharama zisizozidi pango alilopokea.

Kwa hiyo, popote ulipo, hifadhi ushahidi wa pango linalotozwa kwa nyumba zinazofanana na yako, pokea malipo kupitia benki badala ya mkononi, na utoe risiti hata kwa dada yako. Soma pia mkataba wa mkopo na wa bima, kwa kuwa baadhi ya wakopeshaji na kampuni za bima huweka masharti mahususi pale mpangaji anapokuwa jamaa wa mmiliki, na kutowaarifu kunaweza kukukosesha fidia siku ya ajali.

Mchangiaji

Mimi nilikataa. Nilimwambia shemeji yangu ukweli kwamba siwezi kumdai, kisha nikamlipia amana ya nyumba nyingine, na hadi leo tunatembeleana.

Mchangiaji

Naomba nami niseme, kwa kuwa mimi ndiye mpangaji na mwenye nyumba ni dada yangu. Alinipunguzia kodi, nami kwa kushukuru nikaona haya kumsumbua. Bomba la jikoni lilipoanza kuvuja nilinyamaza, nikatega ndoo, hadi maji yakapenya ukutani na ukarabati ukamgharimu dada kuliko lile punguzo lenyewe. Yeye naye alikuwa akiingia bila kubisha hodi, kwa mapenzi kabisa, lakini mume wangu hakujisikia kuwa yuko kwake.

Tulipozungumza waziwazi tulikubaliana kwamba hitilafu zote nizipeleke kwa wakala anayemsimamia nyumba zake nyingine, na kwamba dada akitaka kuja atapiga simu kwanza kama anavyofanya kwa wapangaji wengine. Wakala hukagua nyumba kila baada ya miezi michache na kumwandikia ripoti, fundi huitwa siku hiyohiyo, na mimi na dada tukikutana hatuzungumzii mabomba tena.