Gumzo la ukoo: sukari ya Ami Hamad

Shangazi Mwanakhamis: Asalaam alaykum ukoo mzima. Sukari ya ami yenu leo alfajiri 11.4 mmol/L na hajatia kitu mdomoni tangu isha. Nimempima mwenyewe. Haya, nani kampelekea halua?

Faki: Waalaykum salaam. Halua ya wapi tena?

Shangazi Mwanakhamis: Kikapu nimekiona juu ya kabati.

Ami Hamad: Kikapu kile kitupu tangu Idi. Mnanitia kesini bila ya shahidi.

Salma: Waalaykum salaam Shangazi. Ndo kwanza natoka zamu ya usiku. Halua tuiweke upande. Ami, si jana ndo tawi la mkarafuu lilikukatikia?

Ami Hamad: Sikuanguka lakini. Nimebaki nimening'inia mpaka Kombo akaleta ngazi. Moyo ulinidunda tawi lilipolia tu, mikono imenipoa, nimetetemeka mpaka magharibi.

Salma: Na uliposhuka ulipimwa?

Shangazi Mwanakhamis: Pale pale. 14.2. Na mchana kala muhogo na samaki, hakumaliza hata sahani.

Salma: Basi hiyo 14 usiupe muhogo peke yake. Mtu akishtuka, ubongo hupeleka habari kwa njia ya neva, yaani mishipa ya fahamu, mpaka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Tezi zinamwaga adrenalini kwenye damu, nayo ni homoni, kemikali inayopeleka ujumbe mwilini. Ini likiipata linavunja akiba yake ya sukari na kuitoa nje, misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Sasa Ami hakukimbia wala hakupigana, kang'ang'ania tawi tu. Na mwenye kisukari mwili wake hauwezi kuirejesha sukari hiyo upesi.

Faki: Kumbe woga unapandisha sukari!

Ami Hamad: Si woga yakhe. Panda wewe kesho tukuone.

Mama Maryam: Salma mwanangu, hapo nimekwama. Damu si inazunguka mwili mzima? Hiyo adrenalini inapita kila pahala. Mbona ini ndo litoe sukari, sikio lisitoe?

Salma: Suali zuri hilo. Kwanza, akiba yenyewe iko kwenye ini. Pili, seli haipokei kila linalopita mbele yake. Juu ya utando wake ina vipokezi, ni protini zenye umbo maalumu. Homoni isipokaa sawasawa kwenye kipokezi, seli haina habari nayo. Mfano ule ujumbe wa Shangazi, "aliyechukua ngazi yangu airejeshe". Tumeusoma sote humu, uliyemshtua ni mmoja.

Faki: Mbona mnanitazama mimi

Shangazi Mwanakhamis: Hakuna aliyekutaja. Na ngazi sijaiona.

Mwalimu Omar: Niongeze na hili. Adrenalini ni ile ile, lakini kila seli inaitikia kwa kipokezi ilichonacho. Mishipa ya damu ya ngozi inajibana, ndo Ami mikono ikampoa. Ya kwenye misuli inatanuka. Matumbo yanapunguza kazi. Mboni za macho zinapanuka. Mjumbe mmoja huyo huyo.

Ami Hamad: Ndo maana chakula cha usiku kilinikaa hapa kifuani.

Mama Maryam: Lakini Mwalimu, yeye anasema moyo ulidunda tawi lilipolia tu, hata hajajua kama linakatika. Damu ina mbio hizo?

Mwalimu Omar: Haina. Damu inahitaji kama dakika moja kuzunguka mwili. Mbio zile ni za neva. Habari inapita ndani ya neva kwa umeme, lakini ikifika mwisho wa neva umeme hauvuki. Kati ya seli na seli pana upenyo wa nanomita 20 hivi, na milimita moja ina nanomita milioni nzima. Hapo neva inamwaga kemikali, wanaziita nyurotransmita. Inavuka upenyo, inagusa kipokezi cha upande wa pili, habari inaendelea. Yote hayo yanakwisha kabla hujapepesa jicho. Halafu kemikali inavunjwa au inafyonzwa pale pale irudi ilikotoka, maana ikibaki seli itaendelea kupokea amri iliyokwisha pita.

Faki: Haya mambo mtu kayajuaje? Nani kaingia humo kwenye nanomita?

Mwalimu Omar: Kwa vyura.

Bibi: 🎤 Vyura! Omar, watu tunakunywa chai humu.

Mwalimu Omar: Samahani Bibi, lakini kisa kitakupendeza, kina ndoto ndani yake. Alikuwako mtaalamu akiitwa Otto Loewi, mji wa Graz, Austria. Wakati ule wakubwa wakibishana: neva inazungumza na moyo kwa umeme au kwa kemikali? Usiku mmoja kaota namna ya kulipima jambo hilo, akaamka, akaandika kwenye kikaratasi, akalala tena. Asubuhi mwandiko wake mwenyewe haukumsomekea. Usiku wa pili ndoto ikarudi. Safari hii hakuandika, aliondoka usiku ule ule akenda maabara.

Kachukua mioyo miwili ya vyura, kila mmoja unadunda ndani ya maji ya chumvi. Wa kwanza kauacha na neva yake ya vagasi, ile inayopunguza mapigo. Kaichokoa neva kwa umeme, moyo ukapoa mapigo. Kisha yale maji yaliyouzunguka kayatia kwenye moyo wa pili, ambao haukuguswa na neva yoyote. Nao ukapunguza mapigo.

Mama Maryam: Subhanallah. Maji tu?

Mwalimu Omar: Maji tu. Kwa hiyo neva iliacha kitu ndani yake. Hiyo 1921. Baadaye kitu chenyewe kikajulikana kuwa ni asetilikolini, moja ya zile nyurotransmita, na 1936 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza. Na hiyo hiyo asetilikolini ndiyo neva iliyoimwagia tezi ya Ami jana, tezi nayo ikamwaga adrenalini.

Bibi: 🎤 Mtu akioteshwa jambo la kheri asilale tena, anyanyuke. Mimi nimewaambia hivyo siku zote. Hamad mwanangu, mti sasa waachie watoto, wewe kaa chini uchambue makonyo ya karafuu.

Ami Hamad: Ndiyo mama.

Shangazi Mwanakhamis: Hayo ya mti nimeyafahamu. Sasa 11 ya leo? Kalala usiku kucha, anakoroma, hakuna tawi wala nini.

Salma: Hiyo naidhania ni ya alfajiri, tunaiona kwa wagonjwa wengi. Kuanzia kama saa tisa za usiku mwili unajitayarisha kuamka. Homoni ya kotisoli inapanda, ya ukuaji nayo inafanya kazi, na zote zinaliambia ini litoe sukari. Kwa mtu mzima wa afya, kongosho linaongeza insulini, homoni inayoziambia seli ziipokee sukari, mambo yanakwenda sawa. Kwa Ami insulini ipo, lakini seli za misuli na ini hazimsikilizi mjumbe huyo vizuri. Ujumbe umefika, anayejibu hayupo. Sukari inabaki barabarani, ndani ya damu.

Faki: Seli zimeuzima mlio wa simu.

Ami Hamad: Kwa hiyo halua haimo kabisa kwenye maneno haya.

Salma: Sijasema hivyo, Ami.

Shangazi Mwanakhamis: 😂 Sasa mimi nifanye nini?

Salma: Mpime akitaka kulala, umpime saa tisa za usiku, na tena akiamka. Fanya siku tatu, andika kwenye daftari, umpeleke kliniki na daftari hilo. Ikiwa saa tisa iko sawa halafu inapanda kufika alfajiri, ndo hii niliyoieleza. Ikiwa saa tisa imeshuka chini sana, hiyo habari nyengine na daktari lazima aijue, pengine ni dawa. Vidonge asiongeze wala asipunguze kwa maneno ya humu.

Ami Hamad: Saa tisa za usiku hanigusi mtu.

Shangazi Mwanakhamis: Wewe lala. Kidole nitakitoboa huku unakoroma.